Kabla hujakimbilia duka la dawa, pandisha fulana ya mtoto uhesabu pumzi

Mvua za vuli zimeanza na huku kwetu Tabata kila nyumba ina mtoto anakohoa, yaani usiku mtaa ukitulia unasikia anakohoa huyu, akinyamaza anadakia wa nyumba ya pili. Jana jioni nimepita duka la dawa pale kona nikakuta binti mmoja, uzazi wa kwanza nadhani, kambeba mtoto wa kama miezi 10 makamasi yanamtoka, mtoto mwenyewe anacheka na anang'ang'ania mkufu wa mama yake, na mezani ameshawekewa chupa tatu za dawa ya maji na pakiti ya vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa. Jumla 18,500. Binti kafungua kipochi anahesabu hela mpaka sarafu. Sikusema kitu, sikujua naanzia wapi mbele za watu, ila nimerudi nyumbani roho inaniuma na ndo maana naandika usiku huu.

Mimi nilikuwa huyo binti miaka sita iliyopita.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na mwaka na miezi miwili. Jumatano alianza chafya na macho kutoa maji, nikasema ni mafua yatapita. Alhamisi usiku kwenye saa nane nimeamka nimemgusa, moto. Themometa kwapani, 39.4. Baba yake alikuwa safarini Mbeya, nipo peke yangu na mtoto anahema na analia kwa sauti ile ya uchovu, mikono ikaanza kunitetemeka. Nikamfunika blanketi maana miguu yake ilikuwa ya baridi, nikampa panado ya maji, yani parasetamo, kwa kijiko cha jikoni, baada ya saa moja naona bado wa moto nikampa tena, halafu baadaye kidogo nikakumbuka kuna chupa ya dawa ya mafua ilibaki kwenye friji nikampa na hiyo, na hiyo dawa ya mafua ndani yake na yenyewe ina parasetamo ila mimi wakati ule sikuwahi kugeuza chupa nikasoma. Sasa piga hesabu, mtoto wa kilo 10 amepewa parasetamo mara tatu ndani ya saa mbili. Nikiikumbuka ile alfajiri mpaka leo tumbo linanikata, kwa sababu parasetamo ikizidi inaharibu ini na siku ya kwanza huoni dalili yoyote, mtoto anaonekana yuko sawa tu.

Asubuhi nikachukua bajaji mpaka duka la dawa. Yule kijana hakumgusa mtoto. Kaniuliza tu "ana homa na kifua?" nikasema ndiyo, akaanza kupanga: antibayotiki ile ya unga wa kuchanganya na maji, dawa ya kikohozi, dawa ya mafua, dawa ya maji ya diclofenac iliyochanganywa na parasetamo, na mseto juu yake "kama ni malaria iwe imeondoka kabisa". Vitu vitano. Nikalipa nikashukuru. Narudi nikakutana na jirani, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, kaniambia mwanangu huyo ana kimeo, dawa hazitafanya kitu, kuna mzee anakata, ni dakika moja tu. Na wifi yangu kwenye simu kasema mwangalie fizi, hayo ni meno ya plastiki, yang'olewe. Kwahiyo mpaka saa tatu asubuhi mwanangu alikuwa na malaria, kifua, kimeo na meno ya plastiki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amempandisha fulana akamtazama.

Siku hiyo ilikuwa ndo siku yake ya kliniki ya kupima uzito, nikasema basi acha nipite zahanati kwanza na kadi yake kisha nikampe dawa nyumbani.

Pale zahanati kulikuwa na nesi mmoja mtu mzima, karibu na kustaafu, amebandika saa kifuani kwa pini kama manesi wa zamani. Nikaanza kumweleza haraka haraka akaniambia, "Mwanangu kaa kwanza. Mnyonyeshe atulie. Akilia hatutajua kitu." Nikanyonyesha. Mtoto alipotulia akampandisha fulana taratibu mpaka kwenye chuchu, akashika ile saa yake kwa mkono mmoja, akatazama tumbo la mtoto, kimya. Dakika nzima. Hajamgusa, hajaweka chombo chochote, anaangalia tu midomo inacheza cheza. Nilidhani anasali. Halafu akasema, "34. Njoo na wewe uhesabu." Nikamwambia mimi sijui bibi. Akasema tumbo likipanda likashuka hiyo ni moja, anza nikikuambia. Nikahesabu, nikapata 35. Akasema haya, aliyefika mwaka mmoja mpaka mitano sisi tunaanza kuogopa ikifika 40 na kuendelea, huyu wako kifua chake kizima, hana nimonia.

Namba zake alinifundisha siku ile ile na mimi nimeziandika kwa peni nyuma ya kadi ya kliniki ya kila mtoto, na wewe ziandike: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Dakika nzima, sio nusu dakika halafu uzidishe mara mbili, kwa sababu watoto wadogo pumzi zao zinakwenda mbio kidogo halafu zinasimama kidogo, ukihesabu kipande unadanganyika. Ahesabiwe akiwa ametulia au amelala, sio analia, sio ananyonya, sio ametoka kukimbizana. Na homa yenyewe inaongeza kasi ya pumzi, kwahiyo kama umepata namba ya juu kidogo na mtoto anachemka, hesabu tena joto likishashuka, lakini kama yuko mbali kabisa juu ya hiyo namba usisubiri kitu. Simu yako ina saa. Huhitaji kitu kingine.

Wakati anahesabu alikuwa anaangalia na kitu kingine ambacho alinionyesha kwa kidole bila kumgusa mtoto, pale chini ya mbavu za mwisho. Akasema mtoto akivuta hewa hapa panatakiwa patulie au patoke nje pamoja na tumbo, siku ukiona akivuta hewa hapa panabonyea kuingia ndani, hapo anapigania hewa, usirudi nyumbani kuchukua kanga.

Kisha akamchoma kidole kipimo cha malaria, tone moja la damu, tukasubiri, ukatokea mstari mmoja tu. Hana malaria. "Ana mafua mwanangu," akasema, na nakumbuka nilivyojisikia, ni kama nimedanganywa, mtoto ana 39.4 usiku kucha hajalala halafu ni mafua tu?

Hapo ndo akaomba aone kile kifuko changu. Akatoa kimoja kimoja. Mseto, akasema huu anapewa mwenye malaria iliyopimwa ikaonekana, sio wa kubahatisha. Antibayotiki, akasema mafua ni virusi na hii haiui virusi, utamharisha bure na siku akiihitaji kweli wadudu watakuwa wameshaizoea. Dawa ya kikohozi na ya mafua akaziweka pamoja pembeni, akasema za namna hii watoto wadogo haziwasaidii, zinawalaza tu na nyingine zinawafanya mapigo yaende mbio, na kikohozi ndo kinachotoa uchafu sasa unakizima cha nini. Ile ya diclofenac akaishika muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema hii mtoto wa mwaka mmoja hapana. Nikabaki na panado peke yake ambayo hata nyumbani nilikuwa nayo.

Miaka baadaye rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye saivi ni daktari, aliponisikia nahadithia hii akaniambia kuna utafiti ulifanyika hapa hapa kwetu, Dar na Ifakara, mwaka 2008, ukachapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua watoto 1,005 chini ya miaka 10 waliofika hospitali kama wagonjwa wa nje wakiwa na homa, wakawapima kila kitu kinachopimika. Zaidi ya nusu, asilimia 62, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yani mafua, koo, kifua, na katika hao wenye nimonia iliyoonekana kwenye eksirei walikuwa asilimia 5 tu. Malaria kama mmoja kati ya kumi. Taifodi asilimia 3.7, nawaandikia na hii maana sasa hivi kila mtu mtaani ana taifodi. Ukiwajumlisha wote, watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Nilipoambiwa nilinyamaza. Ni watoto wa huku huku kwetu, na kule madukani wengi wao wangepewa kile kifuko changu cha vitu vitano.

Sasa usinielewe vibaya kwamba malaria usipime. Pima. Homa ya mtoto chini ya miaka mitano ndani ya siku moja awe amepimwa, na kama unaishi Kigoma, Geita, Tabora, Mtwara ndo kabisa usilaze damu, huko malaria bado ni nyingi sana sio kama hapa mjini. Ninachosema ni kipimo kwanza, mseto baadaye. Na kwenye vituo vya serikali mtoto wa chini ya miaka mitano sera inasema anatibiwa bure, kwahiyo mara nyingi ile hela unayoacha duka la dawa ni kubwa kuliko ya bajaji ya kwenda zahanati.

Naomba nikae kidogo kwenye hii panado kwa sababu ndo dawa inayotumika kila nyumba na ndo iliyokaribia kuniletea msiba. Kipimo chake kinaenda kwa kilo za mtoto, sio kwa umri wala sio kwa jinsi anavyochemka. Ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja, unarudia baada ya saa nne mpaka sita, na ndani ya saa 24 isizidi mara nne. Chupa nyingi za watoto hapa zimeandikwa 120mg/5ml, maana yake kwenye mil 5 kuna miligramu 120. Kwahiyo mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 mpaka 150, mil 5 inamtosha. Lakini zipo chupa nyingine zimeandikwa 250mg/5ml, boksi linafanana, ukimpa mil 5 ya hiyo mtoto wa kilo 10 umemzidishia, kwahiyo soma chupa kila unapofungua mpya hata kama ni ile ile uliyozoea. Kijiko cha jikoni tupa kule, kuna vijiko vya chai vinaingia mil 3 na vingine mil 7, tumia kile kikombe kidogo kilichokuja na chupa au omba bomba la sindano lisilo na sindano, dukani wanauza bei ndogo tu, unavuta mpaka kwenye mstari unampa pembeni ya shavu taratibu. Na ile ya kuweka njia ya haja kubwa ni parasetamo ile ile jamani, sio dawa nyingine, ukishampa ya mdomoni usiongeze hiyo. Kila dawa ya mafua ya watoto geuza chupa utafute neno paracetamol.

Vidonge vya aspirini mtoto mwenye homa asipewe kabisa, kuna ugonjwa wa ubongo na ini unaweza kumpata. Na hizi za jamii ya brufen na diclofenac, Dar tumeshapata milipuko ya dengi, 2014 na tena 2019, na mwenye dengi akipewa hizo damu inaweza kuvuja, sasa wewe usiku wa kwanza wa homa unajuaje kama ni dengi au sio? Parasetamo inatosha.

Na nunua dawa iliyosajiliwa, kwenye duka lenye kibali, mwezi wa kumi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kule Gambia watoto zaidi ya 60 wamekufa figo zikiwa zimeharibika na walihusisha na dawa za maji za kikohozi na homa zilizokuwa na sumu ndani, vitu vya kuchanganyia visivyotakiwa kwenye dawa. Dawa za maji za kikohozi na homa! Yani wazazi wale walinunua kitu cha kumpunguzia mtoto kukohoa. Mimi nikiangalia rafu za dawa ya kikohozi nawakumbuka wale watoto kila mara.

Kuhusu homa yenyewe. Nilikuwa naamini kwamba joto likipanda ugonjwa umekuwa mkubwa, likishuka amepona. Bibi nesi akaniambia homa ni mwili unapigana, sisi hatuipigi homa vita, tunampa mtoto nafuu ili anyonye na alale. 37.5 kwapani tayari ni homa, lakini mwenye 37.9 anayecheza huna sababu ya kumkamata umnyweshe panado kwa nguvu, kwenye zahanati mwongozo wao ni 38.5 na kuendelea ndo wanampa, au kama anaumwa na hana raha. Usimfunge mablanketi na kofia na soksi kama nilivyofanya mimi, mvalishe fulana nyepesi. Na yale maji ya baridi na barafu acha, mtoto anatetemeka, mwili unazidi kutengeneza joto la ndani, na unamtesa tu. Maziwa ya mama muda wote, maji, uji mwepesi, kidogo kidogo mara nyingi.

Kilichonifanya nielewe hii kitu mpaka kwenye mifupa ni binti yangu.

Huyu alikuwa na miezi saba. Mafua kama siku nne hivi, kawaida tu, kaka yake alitoka nayo shule. Joto lake halikuwahi kufika hata 38, siku ile jioni nimepima ni 37.8. Mtu yeyote angesema anaendelea vizuri. Ila nilimwona wakati wa kunyonya, anashika titi, anavuta mara tatu nne, anaachia, anahema, anashika tena. Nikamlaza kitandani, akasinzia, nikampandisha fulana nikawasha taa ya simu na saa ya simu ya baba yake. Nikapata 58. Nikasema nimekosea. Nikahesabu tena, 57. Nikainama karibu, nikaona pale chini ya mbavu panabonyea kila akivuta, kadogo tu, kama kitambaa kinavyovutwa kwa ndani, na matundu ya pua yanapanuka panuka. Saa tatu na nusu usiku. Tulitoka hivyo hivyo, mume wangu kavaa ndala mbili tofauti.

Hospitali wakamwekea kile kidude cha kupima oksijeni kwenye kidole cha mguu, ikasoma asilimia 88, iko chini. Daktari aliniuliza joto lake, nikamwambia, akasema umefanya vizuri kumleta maana kwa joto hili wengi wangelala nyumbani mpaka asubuhi. Oksijeni ya puani, sindano za antibayotiki, siku nne wodini, halafu tukatoka na amoxi ya vidonge vile vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji tukamalizia nyumbani. Kwahiyo antibayotiki sizichukii, ziliokoa uhai wa mwanangu. Wa 39.4 alikuwa na mafua, wa 37.8 alikuwa na nimonia. Themometa ingenichanganya mara zote mbili.

Mbali na pumzi kuna vitu ambavyo ukiviona hakuna cha kuhesabu wala kupima, unaondoka: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kinachoingia, amepata degedege, amelegea huwezi kumwamsha vizuri, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, shingo imekakamaa, au akivuta hewa akiwa ametulia anatoa sauti ya kukoroma kwenye koo. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu, homa yoyote ile, hata kama anatabasamu, huyo ni hospitali moja kwa moja. Hiyo sheria haina mjadala kwangu.

Degedege naomba niiseme vizuri kwa sababu bado kuna watu wanaamini ni ndege au ni shetani amepita, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa kwahiyo wanaanza kwa mganga, wanamfukiza moshi wa mavi ya tembo, wanammwagia mkojo. Degedege ni ubongo wa mtoto, mara nyingi wa kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano, umestuliwa na homa. Unatisha sana kuutazama, ila mara nyingi unaisha wenyewe ndani ya dakika chache. Mlaze ubavu, mahali hawezi kuanguka, legeza nguo, tazama saa ilianza saa ngapi. Usimtie kijiko mdomoni, usimtie kidole, usimnyweshe chochote. Halafu hospitali, hata kama imeisha, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo zinaanza hivyo hivyo na wewe huwezi kuzitofautisha ukiwa sebuleni.

Na kimeo. Yule jirani yangu ananipenda na anampenda mwanangu, hakuwa na nia mbaya hata chembe, na watoto wake wawili walikatwa na wakapona kikohozi. Lakini kikohozi cha mafua kinapona chenyewe, homa inaisha siku mbili tatu, makamasi wiki moja mpaka siku kumi, kikohozi kinaweza kuburuza hadi wiki mbili au zaidi kidogo. Watu wanaenda kukata kimeo siku ngapi? Wiki ya pili, pale pale kinapoanza kuondoka. Kwahiyo anayekata anapata sifa. Wale ambao damu haikukata, au wembe uliingiza wadudu, au pepopunda, hao hawarudi mtaani kuhadithia. Kile kinyama cha kooni ni cha kawaida, kila mtu anacho, fungua mdomo kwenye kioo utakiona. Meno ya plastiki ni hivyo hivyo, ni vichipukizi vya meno ya mtoto vinang'olewa kwa ncha ya chuma kwenye fizi laini, jino la kweli linakuja limeharibika au haliji. Kama kikohozi kimepita wiki mbili, mpeleke achunguzwe kifua kikuu, hasa kama hapandi uzito au nyumbani kuna mtu mzima anakohoa muda mrefu. Hapo ndo pa kwenda, sio kwa mwenye wembe.

Kitu cha makamasi ya kijani nacho kinauza sana antibayotiki. Mafua ya virusi yanaanza maji, yanakuwa mazito meupe, yanageuka njano au kijani, yanaisha, hiyo ndo safari yake. Kijani peke yake sio sababu. Sababu ni pumzi za haraka, sikio linalotoa usaha au mtoto anayelishika akilia, homa iliyokata halafu ikarudi juu siku ya tano, na kwa hawa wakubwa kidogo wa miaka mitatu kwenda juu, koo linalouma sana na homa bila mafua yoyote, hilo lionwe na daktari kwa sababu kuna bakteria wa koo wakiachwa wanakuja kuharibu moyo.

Nyumbani mimi nafanya vitu vichache tu. Pua ikiziba nachemsha maji kikombe kimoja, natia chumvi nusu kijiko cha chai, yakipoa kabisa namdondoshea matone mawili kila tundu kabla ya kunyonya halafu navuta na kile kipira cha kuvutia makamasi, au nafuta tu na kitambaa laini. Maji hayo natengeneza mapya kila siku. Aliyetimiza mwaka nampa asali kijiko kidogo usiku, inatuliza koo kweli, ila chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku hata ile ya kuramba kidoleni, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya tumbo la mtoto mchanga. Nyungu hapana, tangu wakati ule wa korona watu wamezoea kufukiza mpaka watoto, maji ya moto na mtoto na blanketi sehemu moja, nimeona mtoto ameungua mapaja yote. Na ile dawa ya kuchua yenye kafuri chini ya miaka miwili sipaki, na puani sipaki kwa mtoto yeyote. Jiko la mkaa nimelitoa mlangoni pa chumba wanapolala.

Na sindano za kliniki usiruke hata moja. Ile ya wiki ya 6, 10 na 14 ndo ina kinga za nimonia ndani yake, hiyo ya PCV ilianza kutolewa hapa Tanzania mwaka 2013, na surua rubela miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 wengi tunaisahau kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa.

Binti yangu saivi ana miaka mitatu, kilo 14. Msichana anayenisaidia nyumbani ni mtoto wa Singida, hajamaliza sekondari, wiki yake ya kwanza tu kwangu tulikaa naye kitandani tukamhesabu mtoto amelala, mimi kimya na yeye kimya, mpaka namba zetu zikafanana. Jumatatu iliyopita nipo kazini akanipigia, "Dada, mdogo ana joto, 38.7. Nimemhesabu mara mbili, 31 na 32, mbavu haziingii. Uji kamaliza, anataka ubuyu." Nikamwambia mpe panado mil 7 kwa bomba, andika saa kwenye karatasi ya friji, ubuyu baadaye, na kesho asubuhi tunampeleka kupima malaria. Nikasikia akimwambia, "Mama kasema baadaye," na mwenyewe akaanza kulia kwa sauti nzima ya kifua kizima.